Washa Yenye Sikio

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni. Alipika nayo, alikwenda nayo sokoni, na siku moja alikaa nayo msibani tangu asubuhi mpaka shoga yake alipomnong'oneza, "We, umekuja kumpima marehemu?" Alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi. Mumewe alikuwa fundi pikipiki, naye alikuwa na jina lake la kubandikwa: Taratibu. Ukimpelekea pikipiki Jumatatu ukamwambia unaitaka Jumatano, alikutazama kama umemtusi. "Nenda kwa wenye haraka," alisema. Basi watu walikwenda kwa wenye haraka, kisha wakarudi kwake kurekebishiwa zile haraka.

Nyumba yao ilikuwa na chumba kirefu kilichotazama barabara, nao walikuwa wamekigawa kwa ukuta wa mbao usiofika darini. Upande mmoja cherehani, meza ya kukatia na kioo cha wateja. Upande wa pili karakana, yenye harufu ya petroli na grisi iliyozeeka. Walifanya kazi hivyo miaka nenda rudi, wakizungumza bila kuonana, maneno yakipita juu ya ukuta. "Mume wangu, saa ngapi?" "Saa ya kula." "Umekula nusu saa iliyopita." "Basi saa imerudi nyuma."

Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza ni binti, ambaye alisomea uuguzi, akaolewa mji mwingine. Wa pili alikuwa mvulana, na huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lao, ingawa mbele ya dada yake hawakulisema.

Mvulana alipenda kitu kimoja kuliko vyote: pikipiki ya babu yake. Ilikuwa mashine ya kale, nzito, yenye tangi jeusi, iliyotumiwa na baba yake Taratibu kusambazia barua enzi hizo. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko Mama Futi, na Taratibu aliitunza kama mzazi. Kijana alipotimiza miaka ishirini na miwili akapata kazi ya kuchora ramani katika ofisi ya ardhi, aliomba jambo moja tu: aende kazini siku ya kwanza akiwa juu ya pikipiki ya babu. Klachi ilikuwa inateleza. Taratibu akaifungua, akabadilisha pleti zilizochakaa, akaifunga jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Asubuhi ile kijana hakufika kazini. Kwenye mteremko wa daraja, tairi la nyuma lilikwama ghafla kama limekamatwa na mkono wa mtu. Pikipiki ikalala ubavu, ikaserereka, naye akaingia chini ya lori lililokuwa likipanda. Askari waliandika kwamba ni mwendo kasi. Watu wakasema vijana wa siku hizi.

Mama Futi hakuandika wala hakusema ya vijana. Mbele ya watu waliojaa uani, alimwelekea mumewe akamwambia, "Umeniulia mwanangu. Mikono yako hiyo ndiyo iliyofunga ile mashine."

 Taratibu aliitazama mikono yake tu.

Ilipita miezi miwili ndipo mwanamke alipomwomba radhi. "Nilisema kwa uchungu," alisema. "Najua," alijibu mumewe. Hawakuligusa tena. Askari walipoirudisha pikipiki, Taratibu aliisukuma peke yake hadi mwisho wa karakana, akaifunika turubai, akaifunga kamba. Ikakaa pale miaka kumi na moja. Mama Futi alipokwenda upande wa mumewe kumpelekea chai, alitembea akiwa ameelekeza uso ukutani.

Kisha asubuhi moja alikuta kamba imefunguliwa. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kigoda, pikipiki imewekwa juu ya mbao mbili, na giaboksi iko wazi. Taratibu alikuwa ameinama juu yake na miwani yake ya kusomea.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Nafungua."

"Naona unafungua. Nauliza kwa nini."

"Nataka kujua," alisema.

"Kujua nini? Kilichokwisha kimekwisha! Ukiendelea kuigusa hiyo, mimi sikanyagi tena humu ndani."

Taratibu hakuacha, na Mama Futi hakurudi nyuma. Siku ile ile alihamisha cherehani yake hadi sebuleni, akawaambia wateja wapitie mlango wa nyumba. Ukuta wa mbao ukabaki hauna mtu wa upande wa pili. Wakawa watu wa kuulizana habari za chumvi na maji tu, na hali ikaendelea hivyo kwa wiki saba.

Wiki ya nane, saa nne asubuhi, alisikia jirani yao anapiga kelele. Jirani huyo alikuwa mchomeleaji wa vyuma ng'ambo ya barabara, mtu wa maneno mengi waliyempa jina la Cheche. "Mama! Njoo, mama! Mzee kaanguka!" Alimkuta mumewe amelala sakafuni karibu na pikipiki, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kushoto ukiwa bado umekumbatia kitovu cha klachi, kile kipande cha chuma cha katikati ambacho pleti huvikwa. Ilibidi Cheche amchanue kidole kimoja kimoja.

Alilazwa wiki tano. Aliporudi, mkono na mguu wa kulia vilikuwa mzigo tu, na maneno yote aliyowahi kuyajua yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "bado." Daktari alieleza kwamba akili yake ni timamu, anasikia na kuelewa kila kitu, ila njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoziba. Kiu ilikuwa bado. Usingizi, bado. Alipotaka kumwita mkewe, aliita "Bado!" kwa sauti ya kupanda, na alipokasirika aliitoa kama mtu anayetema mbegu. Kwa ndiyo na hapana alikuwa na kichwa chake, na kichwa kilitosha.

Kila asubuhi, baada ya kuogeshwa na kuvishwa, alinyoosha kidole cha kushoto kuelekea karakana. Mama Futi alijifanya haoni. Siku ya sita mgonjwa akafunga mdomo, uji usipite. Mama Futi akampigia simu binti yao.

"Mama, mpeleke," binti alisema. "Anataka kwenda kwenye kazi yake. Si jambo baya."

"Hujui anakotaka kwenda."

"Najua. Mpeleke hivyo hivyo."

Alimsukuma kwa shingo upande, magurudumu ya kiti yakigonga kizingiti. Hapakuwa pameguswa. Juu ya benchi makopo ya maziwa ya unga yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, kila kopo na vyuma vyake. Gia zilikwisha kurudishwa na giaboksi imefungwa. Kilichobaki nje ni klachi. Taratibu alinyoosha kidole kwenye pikipiki, kisha kwenye makopo, kisha kwenye pikipiki.

"Unataka imaliziwe?"

Akatikisa kichwa: ndiyo.

Akaitwa Cheche. Alikuja na miluzi yake, akashika pleti kwa vidole vyenye grisi, na Taratibu akaruka kwenye kiti. "Bado! Bado! Bado!" Cheche akaziweka. Akachukua nyundo. "Bado!" Akaiweka nyundo. Baada ya nusu saa alijifuta jasho akacheka. "Mama, mimi kazi yangu ni kuunganisha chuma kwa moto, siyo kukibembeleza. Huyu mzee atanimaliza." Akaenda zake.

Taratibu akageuza kidole. Safari hii kilimwelekea mkewe.

"Mimi?"

Kichwa: ndiyo.

"Nimeshona sare za shule, nimeshona magauni ya maharusi. Klachi mimi naijulia wapi?"

"Bado," alisema mumewe, kwa upole, na jicho lake la kushoto lilikuwa na maji.

Si kwamba alikubali kwa mapenzi. Alikubali kwa sababu asipokubali uji haupiti. Ndivyo alivyojiambia. Alitandika gazeti juu ya benchi, akafunga kitambaa kichwani, akaanza kufanya asubuhi kazi ya mumewe na alasiri ya kwake.

Alijifunza polepole, kwa kidole na kichwa. Kwanza aliosha kila kipande kwa petroli hadi mikono ikamchubuka. Kisha bakuli la klachi, kubwa kama sufuria ndogo, lenye meno ya mnyororo kwa nje na nafasi za kushikia pleti kwa ndani. Bakuli hilo huzunguka juu ya vichuma ishirini vya mviringo, vifupi kama vipande vya kiberiti, na hivyo havina kitu cha kuvishikilia isipokuwa grisi. Ukikosea pumzi, vinamwagika. Vilimwagika mara tatu. Mara ya nne alivipanga vyote, akavihesabu, vikawa kumi na tisa.

"Kumi na tisa vinatosha," alisema.

"Bado!"

"Kimoja tu, jamani."

"BADO!"

Alipiga magoti sakafuni akapapasa chini ya benchi kwa karibu saa nzima, akimlaani fundi aliyebuni mambo hayo pamoja na ukoo wake. Aliposimama kumrekebishia mumewe blanketi, kile kichuma kikadondoka kutoka kwenye mkunjo, magotini kwa mgonjwa mwenyewe. Wakatazamana. Taratibu ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, na mkewe akamfuata hadi akashika mbavu.

"Ulikuwa umekikalia makusudi," alisema akijifuta macho. "Hebu niambie, mzee wangu, unanipenda?"

"Bado."

"Miaka thelathini na saba, bado!"

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu turubai lilipofunguliwa. Siku zilizofuata zikawa nyepesi. Alishangaa kuona anaamka akiifikiria kazi ile. Alipozungusha bakuli kwa kidole likazunguka kimya, alisikia raha ileile ya mkono wa nguo ulioingia kwenye bega bila kukunjamana.

Baada ya bakuli kilifuata kitovu, kilekile alichokumbatia mumewe siku ya kuanguka. Kikaingia. Akachukua nati kubwa ya kukibana kwenye ncha ya shafti. Taratibu akapiga benchi kwa kiganja. "Bado!" Kidole kikapanda hadi rafu ya juu kabisa, kwenye kopo dogo la dawa ya viatu.

Ndani ya kopo mlikuwa na washa mbili, vile vibati vya duara vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati. Moja ilikuwa mpya, inang'aa. Ya pili ilikuwa nyeusi kwa uzee, imefungwa kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga pete. Kila moja ilikuwa na kipande kidogo kilichochomoza pembeni, mfano wa sikio.

Kidole kikaonyesha mpya. Akaivisha, akarudisha nati, akaikaza kwa spana ndefu akiwa ameining'inia kwa uzito wake wote. Kisha Taratibu akampa somo la mwisho la siku ile: akainua kidole cha shahada, akakikunja polepole juu ya pingili. Mama Futi akaelewa. Alichukua tindo na nyundo ndogo, akalikunja lile sikio mpaka likalala juu ya ubavu wa nati. Mumewe akataka asogezwe karibu. Akaligusa kwa ukucha mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Kumbe hiki ndicho kinachoizuia nati isilegee," alisema mkewe. "Kama fundo la mwisho wa uzi. Usipolipiga, mshono wote unafumuka wenyewe."

 Taratibu alikuwa anamtazama tu.

Mama Futi akaichukua ile washa kuukuu airudishe kwenye kopo. Kwa mazoea ya kazi yake akaipitisha kati ya vidole, na vidole vikasimama. Sikio lake lilikuwa limenyooka. Alilipeleka kwenye mwanga wa mlango. Hakuna mkunjo. Na yeye humwambii kuhusu mikunjo: kitambaa kilichowahi kukunjwa mara moja, hata ukipige pasi siku nzima, jicho lake litaona mahali palipokunjwa. Chuma je?

"Hii ilitoka wapi?"

Mumewe aliangalia pikipiki.

"Hii ndiyo iliyokuwa humu siku ile?"

Ndiyo.

"Hukulikunja."

Kichwa kilishuka, hakikupanda. Machozi yalimtoka kwa jicho moja kwanza, kisha jicho lililopooza nalo likafuata.

Sasa kila kitu kilijipanga kichwani mwa Mama Futi bila ya kuambiwa. Nati ikilegea kidogo kidogo kwa mtetemo, kitovu kinasogea nje, mnyororo unakwenda upande, unapanda juu ya meno, unajifunga, na tairi la nyuma linakwama kama limekamatwa na mkono wa mtu. Alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote. Akaomba radhi kwa kusema kweli.

Alitoka nje. Alikaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, hajui kwa muda gani. Aliporudi alimsukuma mumewe hadi ndani bila neno. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani ubavu huu na ubavu huu ili mgongo usichubuke, lakini hakumtazama usoni. Taratibu naye hakunyoosha kidole asubuhi ya kesho yake, wala ya kesho kutwa.

Siku ya tano alikuwa anamalizia shati jeupe la mteja. Ilibaki kushona kola. Aliliinua shati kwa mabega yake mawili kulitazama, na papo hapo akalishusha.

Kwa sababu lilikuwepo shati jingine. Jioni ile, miaka kumi na moja nyuma, alikuwa amemshonea mwanawe shati jeupe la kazi, akashona akiimba, na alipomaliza alimvisha, akasimama naye mbele ya kioo. Halafu aliita juu ya ukuta wa mbao. "Baba yake! Acha kila kitu, njoo umwone mwanao!" Mumewe alisema, "Ngoja kidogo, namalizia." Naye akasema, "Hakuna cha ngoja, njoo sasa hivi kabla hajalivua!" Taratibu akaja na mikono yake michafu ameinyanyua juu asije akagusa kitu. Wakamzunguka kijana, wakamchekea, wakamwambia avute tumbo. Walikaa pale muda. Kisha fundi akarudi upande wake, akapanga pleti, akachukua kifuniko, akafunga.

Mtu aliyeitwa Taratibu hakuharakishwa na mteja yeyote maisha yake yote. Aliharakishwa mara moja tu, na aliyemharakisha alikuwa yeye.

Mama Futi aliliacha shati kwenye cherehani na sindano ikiwa ndani. Alikwenda chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuita mimi," alisema. "Ulikuwa umefika kwenye nati, siyo? Ukasema ngoja. Mimi nikasema njoo."

Taratibu alifumba macho. Kisha mkono wa kushoto ulipanda taratibu ukamziba mkewe mdomo. "Bado," alisema. "Bado, bado, bado." Na kila bado ilikuwa hapana.

Mkewe aliuondoa ule mkono akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Usinizuie. Ulilijua hili? Ulikumbuka kwamba nilikuita?"

Ndiyo.

"Na ulikuwa bado unaweza kusema, wiki zote zile saba. Hukuniambia."

Alimtazama tu, na Mama Futi akaona kwamba mtu huyu alikuwa amekwenda kutafuta kosa lake mwenyewe kwa makusudi, akalipata, na akakuta ndani yake kipande cha mkewe. Akakificha kwenye kopo la dawa ya viatu, juu kabisa, mahali ambapo mkewe hafikii bila kigoda. Mama Futi alilala pembeni yake bila kuvua viatu. Walilia pamoja mchana ule, jambo ambalo hawakulifanya siku ya mazishi, kwa kuwa siku ile kila mmoja alilia peke yake.

Asubuhi yake Mama Futi alivuta kiti cha magurudumu. "Twende," alisema. "Leo tunaweka pleti."

Aliingiza kwanza ufito mwembamba wa chuma, ule unaosukuma pleti, kwenye tundu la shafti. Kisha pleti, moja yenye kitambaa, moja ya chuma tupu, kwa zamu, kama nguo na bitana yake, akishika kwa karatasi safi zisipate grisi wala alama ya kidole. Juu yake pleti nene ya kukandamiza, na springi nne ndani ya vikombe vyake. Alikaza skrubu kila moja mzunguko mmoja, asije akazidisha upande. Aliposhika mkono wa klachi na kuuvuta, pleti ilinyanyuka. Mumewe akatikisa kichwa kwamba sawa.

"Si sawa," mkewe alisema. "Zungusha uone. Inacheza. Upande wa huku umeshuka kama pindo la sketi ya mtoto."

Taratibu akakaza jicho. Hakuona kitu. Mkewe akaongeza nusu mzunguko kwenye skrubu moja, akavuta tena, akazungusha, na pleti ikazunguka imetulia, sawasawa pande zote. Fundi wa miaka arobaini akaachama kidogo, kisha akapiga benchi kwa kiganja, safari hii kwa furaha.

Cheche aliitwa kuiwasha. Alipiga teke mara sita, ya saba ikakohoa, ya nane ikakubali, na karakana ikajaa moshi na mngurumo mzito wa zamani. Taratibu alikuwa ameweka kiganja juu ya giaboksi. Alikaa hivyo akiwa amefumba macho, anasikiliza kwa mkono.

"Niipeleke mpaka darajani?" Cheche aliuliza.

Mama Futi alimtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye.

"Ipeleke," alisema.

Hakuweza kusimama mlangoni. Aliingia ndani, akafungua bomba, akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Cheche alirudi baada ya dakika kumi na tano, amekaa wima kama mzee wa barua. "Klachi tamu, mama!" alisema. "Unaingiza gia kwa vidole viwili."

Wiki saba baadaye, asubuhi, Mama Futi alitoka kwenda kuchukua maji ya moto, na aliporudi na beseni mumewe hakuwepo tena. Alikuwa amelala vilevile alivyomwacha, uso umegeukia mlango. Maji yalipoa yenyewe juu ya kigoda.

Pikipiki haikuuzwa. Siku za Jumapili Cheche huitoa, anaizungusha mtaani, anairudisha. Cherehani ilirudi upande wake wa ukuta wa mbao, na mafundi wa mtaa wakazoea kumletea Mama Futi klachi zao, kwanza kwa mzaha, kisha kwa dhati. Anazifunga asubuhi. Hazungumzi akiwa anazifunga, na mteja akimwita yeye akiwa katikati ya kazi, haitiki.

Binti alikuja msibani akakaa wiki mbili. Siku moja kabla ya kuondoka, walikuwa jikoni wakiosha vyombo, mmoja anaosha, mmoja anafuta. Mama alimweleza yote bila kumtazama: washa, jioni ile, jinsi alivyoita. Binti hakuacha kufuta. Alifuta sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Kuna mtu mwingine anayejua?" aliuliza mwishoni.

"Baba yako."

"Aliye hai, mama."

"Hakuna."

Binti aliweka sahani kabatini. Kisha alitoka na simu yake hadi uani, na kutoka jikoni Mama Futi alimsikia akimwambia mume wake kule kwao kwamba kesho hatasafiri, kwamba atakaa wiki nyingine, na kwamba hapana, hakuna mgonjwa.